Namna ya Kupiga Picha za Mtaani Mjini Moshi

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupiga picha za maisha ya kila siku mjini Moshi, na ambaye angependa kupokelewa vizuri atakaporudi mahali pale pale.

Hatua ya kwanza ni kuchagua saa. Moshi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua hupanda upesi, na kufikia saa tano kivuli cha kofia huwa kimefunika macho ya aliyeivaa. Toka mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, wakati ambapo mara nyingi hata Kilimanjaro huwa bado haijafunikwa na mawingu.

Pili, tayarisha kamera kabla hujafika sokoni. Ukiwa na lenzi ya milimita 35 kwenye kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, weka uwazi wa lenzi wa f/8, kasi ya shata ya sekunde 1/500 na fokasi, yaani umbali ambao lenzi imelengwa, ya mita 3; kila kilicho kati ya mita 2 na 7 hivi kitaonekana bila ukungu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito. Katika Soko la Mbuyuni, tafuta sehemu ambapo mwanga unapenya kati ya vibanda, kisha tulia hapo badala ya kuzunguka. Mwamkie shikamoo mama anayepanga ndizi, nunua chane moja, mweleze unachofanya na umwonyeshe picha ulizokwisha kupiga. Watu wakishakuzoea hurudia shughuli zao, na hapo ndipo utakapoona mkono unaohesabu chenji au kuli akijitwisha gunia. Siafiki kabisa kuvizia, kwa sababu anayeviziwa hushtuka, na picha hubaki na mshtuko huo. Wengi wamepigwa picha na wapita njia ambao hawakurudi, hivyo mashaka yao yana msingi. Mtu akigeuza uso, shusha kamera. Kwa mtoto, muulize mzazi. Vituo vya polisi na kambi za jeshi usivipige.

Jioni chagua picha chache, uzisafishe studio, na uwapelekee wenyewe nakala zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayogusa pia picha ya mtu anayetambulika, imeanza kutumika tangu Mei 2023. Kwa hiyo, mteja akitaka picha kwa ajili ya tangazo, pata kwanza idhini ya maandishi ya aliyepigwa, mkubaliane malipo yake, ndipo uiuze.