Jinsi ya kukadiria umri wa miamba ya sayari, ukianzia kwenye jiwe la Dodoma

Nikiwapeleka wanafunzi kwenye vilima vya mawe vya hapa Dodoma, swali lao la kwanza ni lilelile: mwalimu, jiwe hili lina miaka mingapi? Tuanze nalo.

Hatua ya 1: Lisogelee jiwe.
Tafuta sehemu iliyobanduka karibuni, kwa kuwa ngozi ya nje imeshachakazwa na jua na mvua. Utaona punje nyeupe na za waridi, nyingine za kijivu kama vipande vya chupa, na ulanga mweusi unaometa. Ukiweza kuzihesabu kwa macho, ujue mwamba ulipoa polepole, chini sana ardhini. Umri wake unahesabiwa tangu ulipoganda. Sehemu kubwa ya graniti za hapa, yaani miamba ya aina hii, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Hatua ya 2: Tofautisha umri wa jiwe na umri wa sayari.
Dunia ina miaka bilioni 4.54, lakini lava (mwamba ulioyeyuka) iliyomwagwa na volkano ya Oldoinyo Lengai mwaka 2007 ni ya juzi tu. Sakafu ya bahari nayo, karibu yote, haijafikisha miaka milioni 200, kwa sababu mabamba ya dunia, vipande vikubwa vya ganda lake vinavyosogea, huizamisha ikarudi ndani ya dunia. Dodoma imesalimika kwa kuwa imekaa juu ya ganda nene na la kale. Hata Bonde la Ufa limegawanyika mikono miwili kulizunguka ganda hilo.

Hatua ya 3: Tengeneza sayari yako kwenye sinia.
Hapa usiharakishe. Chekecha majivu ya mkaa (unga ni chakula, uache), yajaze kwenye sinia. Dondosha kokoto 20 kutoka usawa wa bega, kila moja uitoe taratibu. Hivyo ni vimondo. Sasa sawazisha nusu ya sinia kwa kiganja: hiyo ni lava. Dondosha kokoto 5 zaidi, kisha mwite mtu ambaye hakuwepo, umuulize upande upi ni wa zamani. Ataonyesha wenye mashimo mengi, na amepatia, ingawa majivu yote yaliingia siku moja.

Hatua ya 4: Hamia angani.
Mashimo yanakupa nani mkubwa, nani mdogo. Miaka yenyewe tuliipata kwa mawe ya Mwezi. Basalti, yaani mawe meusi ya lava iliyoganda, zilizoletwa na safari ya Apollo 11 mwaka 1969, zilipimwa zikaonekana na miaka kama bilioni 3.6 hadi 3.9. Zuhura ina mashimo yapatayo 1,000 tu, hivyo uso wake unakadiriwa kuwa chini ya miaka bilioni moja. Ila hewa yake nzito huunguza vimondo vidogo, kwa hiyo huko uhesabu mashimo makubwa. Io, mwezi wa Mshtarii, haujaonekana na shimo la kimondo hata moja: volkano zake hufukia kila kitu.

Hatua ya 5: Jaribu mwenyewe.
Usisubiri mwezi mpevu. Toka na darubini ndogo ukiwa nusu, utazame pale giza linapokutana na mwanga. Vivuli huko ni virefu na mashimo yanajitokeza. Hesabu kwanza kwenye sehemu nyeupe, halafu kwenye madoa meusi.