Uhandisi Mlimani: kupanga saa, kulinda GPA na kumudu karakana

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana msemo wao: msuli tembo, matokeo sisimizi. Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, CoET, ina watu wa namna hiyo kila mwaka. Wanakesha kwenye vimbweta (meza za zege za kusomea nje), madesa (notisi za kunakili) yamejaa rangi za kalamu, na UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikija wanaambulia C. Mara nyingi akili si tatizo. Tatizo ni kwamba wanasoma uhandisi kama historia: wanapitia, wanaelewa, wanafunga daftari. Kozi za uhandisi zinapimwa kwa mkono, yaani kwa maswali uliyokokotoa mwenyewe hadi jibu la mwisho.

Anza na hesabu ya saa. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja una krediti zisizopungua 120. Hiyo ni saa 1,200. Zigawanye kwa wiki 30 za semista mbili, utapata saa 40 kwa wiki. Lekcha, tyutoriali na maabara zikichukua 24, zinabaki 16. Ukiwa na kozi tano, kila kozi inadai saa tatu zako binafsi kila wiki. Si nyingi, ila hazihamishiki: saa tatu usizosoma wiki ya 4 hazilipiki wiki ya 14, kwa sababu wiki ya 14 nayo ina zake, pamoja na ripoti za maabara ulizoziahirisha.

Saa tatu hizo zitumie hivi. Nusu saa, siku ileile ya lekcha: funga notisi, chukua mfano uliofanywa ubaoni, urudie kwenye karatasi tupu. Utakapokwama ndipo usipoelewa, hata kama ubaoni ulikuwa unatikisa kichwa. Saa mbili zinazofuata ni za maswali ya tyutoriali, na yafanywe kabla ya tyutoriali yenyewe. Anayeingia hajagusa swali huondoka na majibu ya mwenzake, na majibu hayo hayaingii naye kwenye chumba cha mtihani. Muda unaobaki ni wa daftari la makosa.

Daftari hilo lina thamani kuliko desa lolote. Andika kila kosa na aina yake: alama ya kutoa iliyopotea, vipimo vilivyochanganywa (kN na N, mm na m), mchoro wa nguvu uliokosa mshale, kikokotoo. La kikokotoo linachekesha mpaka likupate. Kikiwa kwenye RAD (radiani) badala ya DEG (digrii), saini (sin) ya 30 inasoma −0.988 badala ya 0.5, na swali zima la mihimili linaharibika huku njia yako ikiwa sahihi. Kabla ya kila testi bonyeza saini 30. Ukiona 0.5, endelea. Kwenye mchoro wa nguvu, kanuni ni moja: kitenge kitu peke yake, kisha kila mahali ulipokikata kutoka kwenye kitu kingine, weka nguvu. Wengi husahau nguvu za kwenye egemeo, halafu wanashangaa milinganyo haifungi.

Sasa maksi. Coursework, yaani testi, kwizi na kazi za semista, ni 40, UE ni 60. A inaanzia 70, B+ 60, B 50, C 40. Chukua watu wawili wanaotaka B+. Mmoja ana 30 kati ya 40, kwa hiyo anahitaji 30 kati ya 60, nusu tu ya mtihani. Mwingine ana 22, anahitaji 38, yaani asilimia 63 ya karatasi ambayo hajui itakujaje. Tofauti ya maksi 8 imetokana na kwizi mbili alizodharau na asainimenti aliyoidesa. Sapu, mtihani wa marudio, nayo si mlango wa nyuma wa kupandia: hata ukiipasua, hupati zaidi ya C.

GPA, wastani wa pointi zako, inapimwa kwa uzito wa krediti, na hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. A ni pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Tuseme una kozi ya krediti 12 na nyingine ya krediti 8. Ukipata A kwenye ndogo na C kwenye kubwa: 8 × 5 ni 40, 12 × 2 ni 24, jumla 64, gawa kwa 20, unapata 3.2. Geuza, A iwe kwenye kubwa: 60 na 16, jumla 76, unapata 3.8. Juhudi ileile, lakini 3.2 ni daraja la pili la chini na 3.8 ni la pili la juu, linaloanzia 3.5. Wiki ya kwanza ya semista andika kozi zako kwa mpangilio wa krediti, nzito juu, na saa zako zifuate mpangilio huo. Hesabu ya mwaka wa kwanza huwa miongoni mwa nzito, na ndiyo inayobeba kozi za mwaka wa pili.

Kwenye uchoraji wa kihandisi, kosa la kwanza ni kumaliza mwonekano mmoja ndipo uanze wa pili. Chora yote mitatu, wa mbele, wa juu na wa pembeni, kwa pamoja kwa mistari myembamba ya penseli 2H, ukivusha kila ukingo kutoka mwonekano mmoja hadi mwingine, kisha ndipo ukaze kwa HB. La pili ni kuchanganya makadirio (projections), yaani mpangilio wa mionekano kwenye karatasi. Kwenye pembe ya kwanza, mwonekano wa juu unakaa chini ya ule wa mbele. Kwenye pembe ya tatu unakaa juu yake. Soma alama iliyo kwenye swali kabla ya kugusa karatasi. Bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) la kwanza likiingia, kikokotoo, vifaa vya kuchorea, ovaroli na viatu vigumu vitangulie simu mpya.

Maabara inataka umakini wa aina nyingine. Chukua jaribio la kuvuta nondo ya mm 12. Eneo lake ni mm² 113.1, ikianza kukubali (kuvutika bila kurudi) kwa mzigo wa kN 56.5, mkazo, yaani mzigo gawa kwa eneo, ni MPa 500. Mwanafunzi akibana kalipa kwenye bonde kati ya mbavu za nondo na kusoma 11.5, eneo linakuwa 103.9 na mkazo unaruka hadi 544. Kosa la asilimia 4 kwenye kipenyo limezaa kosa la karibu asilimia 9, kwa sababu kipenyo kinazidishwa kwa chenyewe. Nondo yenye mbavu haipimwi kwa kalipa. Kata kipande cha mm 500, pima uzito. Kikiwa gramu 444, gawa kwa urefu na kwa densiti ya chuma, kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, utarudi kwenye 113.1. Ripoti iandikwe siku hiyohiyo, vipimo viwe kwenye kichwa cha kila safu ya jedwali, na hitimisho litaje namba yako ikilinganishwa na inayotarajiwa. “Jaribio lilifanikiwa” si hitimisho.

Kikundi cha diskasheni kisizidi watu wanne, na kichanganye waliotoka kidato cha sita PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na waliotoka diploma. Wa PCM kwa kawaida wako vizuri kwenye kalkulasi. Wa diploma ameshashika mashine ya kuchomelea na anajua kwa nini kipande kinapinda kikipoa. Kikundi cha marafiki wa mkondo mmoja hukwama wote mahali pamoja.

Mafunzo kwa vitendo, PT, ni wiki 8 mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Anza kuomba nafasi semista ya pili inapoanza. Mkandarasi mdogo mwenye kazi inayoendelea ni bora kuliko ofisi kubwa yenye kiyoyozi utakapotumwa kutoa fotokopi. Logibuku, daftari la kazi za kila siku, ndiyo inayosahihishwa kukupa maksi, na ingizo kama “leo tulisaidia kumwaga zege” halina kitu. Andika: zege la nguzo C3, mchanganyiko 1:1.5:3, maji kwa saruji 0.5, slampu mm 70, kava ya nondo mm 40, vaibreta iliharibika saa tano na kazi ikasimama dakika 25. Weka mchoro wa mkono. Sahihi ya msimamizi ichukuliwe kila Ijumaa. Anayelimbikiza za wiki nane humkuta bosi kasafiri.

Mradi wa mwaka wa nne huharibika kwenye kichwa chake. “Mafuriko ya Mto Msimbazi” ni kazi ya taasisi. Chagua karavati moja. Eneo linalomwaga maji kwake likiwa km² 0.5, mgawo wa mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi) 0.7 na mvua mm 80 kwa saa, zidisha vyote na ugawe kwa 3.6: zinapita mita za ujazo 7.8 kwa sekunde. Bomba la kipenyo cha mita 1.5, likijaa na maji yakienda mita 2.5 kwa sekunde, linapitisha 4.4. Hapo una mradi: namba mbili zinazogombana, na sababu ya kwenda kupima. Data za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa ziombe kabla hujaandika pendekezo, maana kibali kina foleni yake. Ukimwendea mhadhiri, nenda na nusu ukurasa wenye swali, data na kifaa utakachotumia. Wanaofanya utafiti wana wanafunzi wa uzamili wanaohitaji mtu wa kupima na kuingiza data. Kazi hiyo hukufundisha mashine ambazo kwenye ratiba ya shahada ya kwanza utaziona mara moja tu.

Ukishamaliza, jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu, kisha uombe SEAP, mpango wa miaka mitatu chini ya mhandisi msimamizi ulioanza mwaka 2003. Logibuku za PT usizitupe. Namna ya kuandika kazi ya siku ni ileile, isipokuwa sasa anayesoma ni bodi.