Namna ya kulifikisha Bungeni lalamiko la Inua Jamii au la jengo la jirani

Bunge la Kenya halilipi wazee pesa zao za Inua Jamii, mpango wa serikali wa posho ya kila mwezi, wala halitumi tingatinga kwenye ghorofa iliyopandishwa bila kibali. Kazi yake ni kumketisha afisa mbele ya kamati na kumdai maelezo na karatasi. Kifungu cha 125 cha Katiba kinazipa kamati za Bunge la Taifa na za Seneti mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kuita mashahidi na kudai nyaraka, na Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti mamlaka hayohayo. Anayeandika ombi lake akilijua hilo hufika mbali. Anayeomba tu "haki itendeke" humwachia kila afisa nafasi ya kujibu kwamba haki imekwisha kutendeka.

Chagua mlango sawasawa

Hapa ndipo maombi mengi ya Nairobi hufia. Pesa za Inua Jamii ni za serikali ya kitaifa, chini ya idara inayoshughulikia ulinzi wa jamii na masuala ya wazee. Ombi kuhusu pesa hizo huenda Bunge la Taifa, lenye Kamati ya Ulinzi wa Jamii na Kamati ya Maombi ya Umma. Mwakilishi wadi, ambaye ni mjumbe wa bunge la kaunti, atakusikiliza vizuri na pengine akupigie simu moja au mbili, lakini hana mamlaka juu ya orodha hiyo ya malipo.

Vibali vya ujenzi ni kinyume chake. Jedwali la Nne la Katiba linaziachia kaunti kazi ya mipango na ustawishaji wa ardhi, kwa hiyo aliyepitisha ramani ya jengo la jirani yuko City Hall, makao ya kaunti, na anayemhoji ni Bunge la Kaunti ya Nairobi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliandikia bunge hilo ombi. Mbunge wako wa Lang'ata au wa Kasarani hawezi kumwita waziri wa kaunti kama anavyoweza mwakilishi wadi, hata akiwa na sauti kubwa kiasi gani.

Jengo moja laweza kuzaa malalamiko mawili. Leseni ya mazingira hutolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na usajili wa eneo la ujenzi hufanywa na NCA, mamlaka ya ujenzi, na zote mbili ni asasi za kitaifa. Ukichanganya idadi ya ghorofa (kaunti) na leseni ya NEMA (taifa) kwenye ombi moja, kila upande utasema sehemu nyingine si yake. Andika mawili. Seneti ifikirie pale tatizo linapohusu mfumo mzima wa kaunti au matumizi ya pesa zake. Kwa ploti moja Umoja au South B, anza na kaunti.

Kabla ya kuandika lolote kuhusu jengo, angalia tarehe

Ombi kwa bunge halisimamishi saa ya sheria. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, mtu aliyeathiriwa na uamuzi kuhusu kibali cha ujenzi ana siku 14 kutoka siku ya uamuzi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya usuluhishi wa mambo ya mipango. Asiporidhika huko, huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wakazi wengi hupoteza siku hizo 14 wakikusanya saini mtaani, na wakifika kwenye kamati huambiwa wamechelewa.

Kuna mtego mwingine ndani ya sheria hiyohiyo. Mwombaji wa kibali asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa kuwa amekubaliwa. Kimya cha ofisi, basi, kinaweza kumfaa mwenye jengo. Swali la kwanza la kuuliza ni "maombi yaliingia lini, na yalijibiwa lini?" Swali la kama kibali kipo au hakipo lifuate baadaye.

Rufaa ikishafika mahakamani, litaje hilo kwenye ombi lako. Mabunge hukwepa kujadili jambo lililo mbele ya jaji, na kulificha hakusaidii: fomu ya ombi yenyewe inakutaka useme.

Kusanya karatasi kwanza

Tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua yako yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hulipi chochote kwa kuiwasilisha (utalipia gharama ya nakala tu), na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Inaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Ikikunyima au ikinyamaza, unaipeleka kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki ndani ya siku 30. Jibu likija, una ushahidi. Lisipokuja, nakala yako yenye muhuri wa "imepokewa" nayo ni ushahidi, maana ombi kwa Bunge lazima lionyeshe hatua ulizochukua kabla ya kufika hapo.

Kwa Inua Jamii, kwanza tenganisha matatizo mawili yanayofanana kwa mbali. Uliza majirani. Kama hakuna aliyelipwa, pesa zimekwama juu, na anayepaswa kujibu ni Hazina ya Taifa pamoja na idara. Kama wengine wamelipwa na bibi yako hakulipwa, shida iko kwenye rekodi yake: jina kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye orodha, alama za vidole zimefifia kwa uzee na mashine haizisomi, laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mjukuu, mlezi amebadilika bila rekodi kubadilishwa, au mtu ameandikwa marehemu naye yu hai akipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Mengi ya haya hutatuliwa kwa chifu, kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, au kwa kupiga 1533 bila malipo. Andika tarehe ya kila safari na kila simu, na cheo cha aliyekuhudumia.

Piga hesabu pia. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Miezi sita ikipita bila malipo, deni ni 12,000. Andika tarakimu hiyo. "Pesa nyingi za muda mrefu" si kitu ambacho kamati inaweza kumdai katibu wa wizara.

Kwa jengo, piga picha ya bango la ujenzi kabla halijatoweka: jina la mwenye mradi, msanifu, namba ya kibali, namba ya NCA. Pasipo bango, piga picha ya lango lisilo na bango. Hesabu ghorofa na uandike tarehe uliyohesabu. Namba ya L.R., yaani ya ploti kwenye rekodi za ardhi, ni ya lazima. "Ile ploti karibu na stendi" haimsaidii karani. Halafu iombe kaunti nakala ya masharti ya kibali, idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, tarehe ya kubadilishwa kwa matumizi ya ardhi kama yalibadilishwa, na nakala ya tangazo kwa umma. Tangazo ndilo sehemu dhaifu ya majengo mengi: sheria inamtaka mwombaji awajulishe wananchi ili watoe maoni, na ukiomba nakala yake mara nyingi ofisi huanza kuhangaika.

Chungulia pia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, zinazopatikana bure kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, Katiba inamtaka mkaguzi awe amemaliza ndani ya miezi sita, kisha Bunge lina miezi mitatu ya kuzijadili. Kwenye majadiliano hayo muda huo hupitilizwa sana, lakini ripoti zenyewe huwa zimetoka. Ukipata aya inayotaja kasoro ileile unayolalamikia, nukuu mwaka na aya. Kamati huona lalamiko la mtu mmoja kwa jicho jingine kabisa likiwa limetangulia kuonwa na mkaguzi.

Ombi lenyewe

Sheria ya mwaka 2012 kuhusu maombi kwa Bunge, pamoja na Kanuni za Kudumu, imetaja umbo. Liwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa kuchapwa, kwa lugha ya heshima. Lisiwe na maneno yaliyokatwa, yaliyofutwa kwa rangi nyeupe au kuongezwa juu ya mstari. Mada iandikwe kwenye kila karatasi. Lieleze hatua ulizochukua na majibu uliyopata, na kama jambo liko mahakamani. Limalizike kwa maombi yaliyo wazi, yaani mambo unayotaka Bunge lifanye. Mwishoni kuwe na majina, anwani, namba za kitambulisho na saini, au alama ya kidole gumba ikiwekwa mbele ya shahidi. Mtu mmoja anatosha. Idadi ya saini si sharti.

Saini ndizo zinazoangusha vikundi. Lazima ziandikwe moja kwa moja kwenye ombi. Orodha ya mahudhurio ya baraza iliyobanwa nyuma kwa stepla haihesabiki, hata ikiwa na majina mia mbili. Chapisha kichwa na maombi juu ya kila karatasi ya saini kabla ya kuizungusha, ili kila mtu aone anachotia saini. Na waambie kwamba karatasi hiyo itashikwa na watu wengi. Usiandike ugonjwa au aina ya ulemavu wa mtu mwingine ndani yake.

Jingine linaloshangaza wengi: Kanuni za Bunge la Taifa hazitaki barua, hati za kiapo wala nyaraka nyingine ziambatanishwe. Zitaje ndani ya ombi kwa tarehe, halafu uzihifadhi kwa siku ya kikao.

Kwenye maombi hayo ya mwisho, tumia muda wako wote. Hili ni dhaifu:

"Tunaomba Bunge liingilie kati ili wazee wetu walipwe."

Hili lina meno:

"Kwa hivyo waombaji wanaliomba Bunge la Taifa, kupitia kamati inayohusika: (a) limtake katibu wa idara aeleze kwa maandishi kwa nini malipo ya walengwa tisa waliotajwa yalisimama kuanzia Januari, (b) limtake awasilishe rekodi ya mfumo inayoonyesha ni nani aliyebadilisha hali ya kila mlengwa, na lini, (c) lipendekeze malimbikizo ya shilingi 12,000 kwa kila mlengwa yalipwe, na tarehe ya mwisho ya kulipa itajwe, (d) lipendekeze utaratibu wa malipo kwa wazee ambao vidole vyao havisomeki kwenye mashine."

Kila kipengele kina mtu wa kukijibu na karatasi ya kuonyesha. Kipengele (b) ndicho kinachouma zaidi, kwa sababu hakijibiwi kwa hotuba.

Kwa jengo, badala ya "libomolewe", omba waziri wa kaunti awasilishe faili ya kibali, aeleze tofauti kati ya ghorofa zilizoidhinishwa na zilizojengwa, na aseme kama notisi ya utekelezaji (amri ya kaunti ya kusimamisha au kurekebisha ujenzi) ilitolewa na ilifuatwaje. Ubomoaji ukihitajika, utatokana na majibu hayo au na amri ya mahakama.

Kuwasilisha na kikao

Peleka nakala tatu kwa ofisi ya karani wa bunge husika, ukiwa na kitambulisho, na urudi na yako iliyogongwa muhuri wenye tarehe. Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti ana siku saba za kukagua umbo. Likiwa na kasoro hukuelekeza urekebishe. Kisha hulipeleka kwa Spika, husomwa, na kukabidhiwa kamati. Bunge la kaunti lina kanuni zake, zinazofanana na hizi kwa mengi. Chukua nakala kwa karani wake City Hall kabla ya kuchapa.

Mbunge anaweza kuliwasilisha kwa niaba yako, akitia saini yake. Faida yake ni kwamba kuna mtu ndani anayeuliza limefika wapi. Hasara ni kwamba akilizembea, huna pa kushika. Kama unachotaka ni jibu la haraka tu, mwombe adai taarifa kutoka kwa kamati au amuulize waziri swali. Ombi ni la jambo linalohitaji nyaraka na mashahidi.

Ukiitwa, nenda na asili na nakala za kutosha wajumbe. Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge, na Lugha ya Ishara pia. Mama asiyejua Kiingereza aongee mwenyewe, maana simulizi yake fupi kuhusu safari za kwa wakala huwakaa wajumbe kichwani kuliko ukurasa wa wakili. Dakika ni chache. Anza na maombi, kisha ushahidi, historia iwe mwisho. Afisa akiahidi "tutalishughulikia", mwombe mwenyekiti aandikishe tarehe kwenye kumbukumbu.

Baada ya ripoti

Seneti ina siku 60 tangu kusomwa kwa ombi kumjibu mwombaji kwa ripoti. Popote ulipo, ikifika wiki ya tatu ya kimya mwandikie karani wa kamati, taja namba ya ombi, uliza kikao kimepangwa lini. Rejista ya maombi ipo na unaweza kuomba kuiona.

Ripoti ya kamati ni mapendekezo, na wizara huyajua hayo vizuri. Muda wa mapendekezo ukipita, iandikie Kamati ya Utekelezaji ya Bunge la Taifa ukitaja ukurasa, pendekezo na kilichofanyika au kisichofanyika. Kwenye kaunti, mpe mwakilishi wadi wako ripoti hiyo kabla ya bajeti ya Juni, wakati maafisa wa mipango wanapohitaji kura yake.

Angalia na kalenda. Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027, na kamati huvunjika pamoja na bunge lake. Ombi litakalokuwa katikati wakati huo itabidi liwasilishwe upya mbele ya wajumbe wapya, kwa hiyo lenye mashahidi wengi liingie kabla ya mwaka huo kuanza.