Usibadilishe Simu kwa Kalenda: Jinsi ya Kupima Kama Uliyonayo Imefika Mwisho

Kuna kipindi ambacho toleo jipya la simu lilikuwa jipya kwelikweli. iPhone ya 2008 ilileta 3G, ya 2009 ikaanza kurekodi video, na ya 2010 ikaja na kamera ya mbele pamoja na kioo chenye nukta mara nne ya kile kilichotangulia. Aliyebaki nyuma miaka miwili alikosa mambo ya kuhesabika kwa vidole.

Sasa weka Galaxy S22 ya 2022 kando ya Galaxy S25 ya 2025. Kamera kuu ni megapikseli 50 kwa zote mbili, ya kuvuta mbali ni megapikseli 10 inayokuza mara 3, ya pembe pana ni megapikseli 12, na zote zinachaji kwa wati 25. Kilichosogea ni prosesa (chipu inayoendesha simu), RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi) kutoka GB 8 hadi 12, betri kutoka mAh 3,700 hadi 4,000 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri), na urefu wa muda wa masasisho. Hiyo ni tofauti ya matoleo matatu. Anayebadilisha kila mwaka analipia theluthi yake.

Kwa watu wengi, basi, kubadilisha kila mwaka hakulipi tena. Ila kusema simu ikae miaka mitatu au minne nako ni kubahatisha, kwa sababu simu mbili zilizonunuliwa siku moja huchakaa tofauti kabisa: moja inalala na chaji kidogo mahali pa baridi, nyingine inashinda kwenye dashibodi ya gari juani. Pima simu yenyewe, ukianza na kile kisichoweza kutengenezwa na fundi yeyote.

Tarehe ya sasisho la usalama

Kwenye Android fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, kisha toleo la Android, utafute tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ina zaidi ya miezi sita na simu inasema hakuna sasisho jipya, angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji kama modeli yako bado inahudumiwa. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kuanzia Pixel 8 ya 2023, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu za bei ya chini nyingi hupewa muda mfupi zaidi. Zingatia hili, maana ndipo wengi wanapojidanganya: miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipoingia sokoni, si tangu siku uliyoinunua wewe. Simu ya miaka 3 ya masasisho ukiinunua ikiwa na mwaka mmoja dukani, umebakiwa na miwili.

Masasisho yakikoma, simu haigeuki hatari usiku mmoja. Kivinjari na programu zako zitaendelea kusasishwa kupitia Play Store kwa muda. Kinachobaki wazi ni matundu ya usalama ya ndani ya mfumo na ya viendeshi vya chipu (programu ndogo zinazoongoza vifaa vya ndani), ambayo programu haiwezi kuyaziba. Msimamo wetu ni huu: simu iliyopita mwaka mzima bila sasisho la usalama isishike tena programu za benki wala barua pepe inayofungua akaunti zako nyingine. Kwa muziki, ramani na picha bado inafaa.

Betri, ambayo hulaumiwa mara chache kuliko inavyostahili

Betri ya lithiamu huhesabiwa kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika, hata kama ni 50 leo na 50 kesho. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000, zikitunzwa katika hali nzuri. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zilizoanza tarehe 20 Juni 2025, unataka simu zinazouzwa huko zifikie mizunguko 800 zikiwa na asilimia 80. Anayemaliza chaji nzima kila siku anafika 500 kwa takriban mwaka na nusu. Ndiyo maana simu huanza kuchosha mwaka wa pili, na mwenye nayo akadhani imezeeka yote.

Kuchoka kwa betri si kuisha chaji haraka tu. Ukinzani wa ndani hupanda, kwa hiyo prosesa inapodai umeme mwingi kwa ghafla, kwa mfano unapofungua kamera, volti hushuka na simu huzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 25. Ili isizime, baadhi ya mifumo hupunguza kasi ya prosesa. Apple ilikiri Desemba 2017 kwamba iPhone zenye betri zilizochoka zilipunguzwa kasi kwa njia hiyo, na mwaka uliofuata ikaweka ukurasa wa kuonyesha afya ya betri. Hapo betri mpya hurudisha kasi pia.

Kwenye iPhone fungua Settings, kisha Battery, kisha Battery Health. Chini ya asilimia 80, badilisha betri. Kwenye Samsung tumia programu ya Samsung Members, sehemu ya uchunguzi wa simu. Kama Android yako haionyeshi kitu, fanya jaribio hili: chaji hadi 100, washa hali ya ndegeni, weka mwangaza nusu, cheza video iliyohifadhiwa ndani ya simu kwa saa moja. Simu yenye betri nzima kwa kawaida hupoteza chini ya asilimia 10. Ikipoteza zaidi ya 20, au ikiruka ghafla kutoka 40 hadi 15, betri imekwisha. Programu zinazokadiria uwezo wa betri, kama AccuBattery, nazo zinasaidia, mradi usiamini kipimo cha chaji moja. Ziache zikusanye chaji kadhaa ndefu, kutoka chini ya 20 hadi juu.

Ukiamua kubadilisha betri, mambo haya ndiyo huharibu kazi:

- Betri ya saizi ileile ya asili lakini lebo yake inadai mAh nyingi mno kuliko ya kiwandani. Lebo hiyo inadanganya, na betri hiyo mara nyingi huchoka mapema.
- Kufungua simu ikiwa na chaji nyingi. Ishushe chini ya asilimia 25 kwanza. Betri ikitobolewa kwa bahati mbaya, moto unakuwa mdogo.
- Kubandua betri kwa chuma. Gundi ilainishwe kwa joto la wastani au spiriti ya isopropili, kisha itumike kadi ya plastiki. Kioo cha OLED, aina nyembamba iliyo kwenye simu nyingi za sasa, nacho hupasuka kirahisi kikilazimishwa.
- Kurudisha mfuniko kwa gundi ileile ya zamani. Hapo kinga ya maji haipo tena, hata kama kwenye sanduku iliandikwa IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji. Dai gundi mpya, na hata ikiwekwa, usiitie simu majini.

Baada ya betri mpya, chaji hadi 100, itumie hadi chini ya 10, kisha chaji tena hadi 100 ili kipimo cha asilimia kijirekebishe. iPhone nyingi zitaonyesha ujumbe kwamba betri si ya Apple au haikuthibitishwa. Ujumbe huo peke yake hauna maana kwamba betri ni mbovu.

Jambo moja halisubiri hesabu. Kioo kikiinuka pembeni, au simu ikiyumba ukiilaza mezani ilhali zamani ilitulia, betri imevimba. Acha kuichaji mara moja, usiibonyeze irudi, usiitoboe, uipeleke kwa fundi.

Simu nzito

Kabla ya kulaumu prosesa, tazama nafasi iliyobaki. Kumbukumbu ya simu hufuta data kwa mafungu, si herufi moja moja. Ikijaa, kidhibiti chake hulazimika kuhamisha vitu kwanza ndipo kiandike kipya, na wewe unaona simu inaganda. Acha asilimia 10 hadi 15 ikiwa wazi. Mahali pa kupata nafasi haraka ni WhatsApp: Mipangilio, Hifadhi na data, Simamia hifadhi, uanze na faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Kisha zima simu na uiwashe. Ikiendelea kukwama, weka nakala ya kila kitu na uirudishe kwenye hali ya kiwandani, halafu uitumie siku mbili kabla ya kuirudishia programu zote. Ikiwa nyepesi siku hizo mbili na nzito baadaye, kosa ni la programu fulani.

Kuna uzito usiotibika. Simu ya RAM ya GB 2 au 3 itafungua upya kila programu unayoirudia, na kipengele cha kuazima RAM kutoka kwenye hifadhi hakisaidii sana kwa sababu hifadhi ni ya polepole mno kuliko RAM yenyewe. Vilevile simu za bei ya chini zenye hifadhi ya aina ya eMMC, ya bei nafuu na ya polepole, huandika polepole zaidi kadiri zinavyochakaa. Hapo usitupe fedha kwenye matengenezo.

Chaji inayokatika mara nyingi ni nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa ndani ya tundu. Zima simu, zitoe taratibu kwa kijiti cha mbao, kamwe si sindano. Picha zenye ukungu: futa lenzi, na ikiwa imechubuka, kioo chake cha nje pekee hubadilishwa bila kugusa kamera. Mtandao una sura yake: penye mitandao iliyozima 3G, kama Marekani ilivyofanya mwaka 2022, simu isiyoweza kupiga kupitia 4G haitapiga kabisa, na hakuna fundi wa kuisaidia.

Hesabu

Chukua bei uliyonunulia, ongeza matengenezo, toa bei utakayouzia, gawanya kwa miezi uliyoitumia. Hiyo ndiyo gharama halisi ya simu kwa mwezi.

Mfano wa kukokotoa tu, simu mpya ikiwa 100. Anayeuza kila mwaka kwa 55 anapoteza 45 kwa mwaka. Anayekaa nayo miaka 4, akaweka betri ya 10 na kuuza kwa 15, ametumia 95, yaani kama 24 kwa mwaka. Wa tatu ananunua simu ya daraja la juu ya mwaka uliopita kwa 60, anaitumia miaka 3, anaweka betri ya 10, anauza kwa 15: ametumia 55, kama 18 kwa mwaka. Weka namba zako mwenyewe. Mpangilio huo hubadilika mara chache. Njia ya tatu ndiyo tunayoipendekeza kwa yeyote anayeweza kukagua simu iliyotumika, mradi modeli iwe na masasisho ya kutosha mbele yake.

Ofa ya kubadilishana simu ya zamani kwa mpya ihesabiwe kwa jumla ya malipo yote hadi mwisho wa mkataba, si kwa malipo ya kwanza. Na matengenezo yakizidi nusu ya bei ya simu kama yako iliyo nzima, acha. Kioo na betri vikifa pamoja, vijumlishe kabla ya kuamua.

Wapo ambao mwaka mmoja unawafaa: wanaopiga video za kulipwa kwa simu, na wanaotengeneza programu wakihitaji kujaribu vifaa vipya. Kwa wengine, andika kazi tatu ambazo simu yako inashindwa leo. Simu mpya isipotatua hata moja, hujapata sababu.

Ukiamua kuiachia

Uza kabla ya toleo jipya kutangazwa, kwa sababu tangazo hushusha bei ya zamani papo hapo: iPhone kwa kawaida hutangazwa Septemba, Galaxy S Januari au Februari. Hamisha kwanza namba za uthibitisho wa hatua mbili (zile unazoombwa baada ya nenosiri), maana hizi ndizo watu husahau na kufungiwa nje ya akaunti zao. Kisha WhatsApp, halafu eSIM (laini isiyo na kadi) kama unayo. Kaa na simu zote mbili kama wiki mbili bila kufuta ya zamani.

Unapofuta, ondoa akaunti ya Google kwanza, au kwenye iPhone zima Find My na utoke kwenye iCloud, ndipo uirudishe hali ya kiwandani. Ukiruka hatua hiyo, simu itamdai mnunuzi nenosiri lako na haitatumika. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, iwashe, uhakikishe inafika kwenye ukurasa wa kukaribisha bila kutaja akaunti yako. Usipoiuza ukataka kuiweka akiba, iache na chaji ya asilimia 50, izime, uiweke mahali pasipo joto, na uirudishe hadi 50 kila baada ya miezi sita. Betri ikiachwa sifuri kwa muda mrefu inaweza isikubali chaji tena.