Kabla hujampa mgonjwa kijiko cha kwanza cha uji wodini

Lengo ni chakula na maji yasiingie njia ya hewa hadi mapafuni. Mwite jina, akuitikie. Akiwa amesinzia, funga hotpoti usubiri. Mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo, na akishakula abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima. Kinywa kisafishwe asubuhi na jioni hata kama hali kitu; mate machafu yakishuka mapafuni yanapeleka vijidudu.

Wengi wanaponzwa na maji. Mtu kapata kiharusi, siku ya pili anaomba maji. Ndugu katoka Mbagala, foleni imemla, muda wa kuona wagonjwa umebaki dakika 15. Anamnyanyua kichwa kwa kiganja, anamimina nusu kikombe. Mgonjwa hakohoi, kila mtu anashukuru. Kumbe koo lililopoteza hisia halishtuki: maji yamepita njia ya hewa kimyakimya, mara nyingi kuelekea pafu la kulia, ambalo bomba lake ni pana na limenyooka zaidi. Sauti inageuka, kama ya mtu anayesukutua. Kesho au keshokutwa ni homa, pumzi za mbiombio, oksijeni. Hapo feni ya wodini ndiyo inayolaumiwa.

Kwa hiyo, kabla hajapimwa kumeza, asipewe chochote mdomoni, hata vidonge. Akiruhusiwa, tumia kijiko cha chai, mililita 5 tu. Tazama kikoromeo kipande na kushuka, kisha mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa na majimaji, acha hapo hapo. Maji hukimbia kuliko uji mzito, ndiyo maana humpalia upesi. Muulize nesi uji au kinywaji chake kiwe kizito kiasi gani. Mrija usitumike bila ruhusa.

Anayelishwa kwa mpira wa puani naye yumo hatarini. Kila mara alama ya mpira puani ikaguliwe. Ikisogea, usimimine kitu, mwite nesi. Kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, chakula kishuke chenyewe, usikisukume kwa sirinji.

Anayekwenda kupasuliwa: chakula mwisho muda wa saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa 2 kabla, isipokuwa daktari kasema vinginevyo. Uji na chai ya maziwa ni chakula. Akiwa amekula, semeni.

Meno ya bandia yanayolegea yatolewe. Dawa za usingizi humlegeza koo, muulizeni daktari. Na akipaliwa, mwambie nesi saa ileile: kala nini, kiasi gani, saa ngapi.