Msikiti ukuonyeshe kaskazini
Ukipotea katika vichochoro vya Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja, ambako kuta ndefu huficha jua, tafuta msikiti na utazame upande wa mihrabu, yaani kishubaka cha imamu kinachoelekea Makka, ambacho mara nyingi hutokeza nje ya ukuta: huko ni kaskazini. Makka iko karibu na longitudo ya digrii 40 mashariki, na pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, imekaa karibu na mstari huohuo. Nyumba iliyogeuzwa msikiti hupotosha, kwa kuwa ndani yake safu za mikeka ndizo hufuata kibla (upande wa Makka), wala si kuta. Nje ya pwani hii mwelekeo hubadilika: Kigoma kibla huegemea mashariki kidogo ya kaskazini, na huko Muscat, Omani, kibla ni karibu magharibi kabisa.