Jinsi ya kuandika historia ya marehemu mama isiishie kwenye "alikuwa mcha Mungu na mchapakazi"

Kwenye kila ukoo kuna mtu anajulikana kwamba anajua kuandika, na kama ni wewe basi unajua inavyokuwa, daftari linaletwa usiku wa kuamkia mazishi, watu wamechoka, kwaya inalia kwenye spika, wapishi wanauliza chumvi, halafu unaambiwa mchungaji anataka historia ya marehemu asubuhi saa mbili. Wengi hapo wanachukua historia ya msiba uliopita wanabadilisha majina. Ndo maana historia za akina mama zinafanana kila msiba, alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto, alikuwa mpole mkarimu mcha Mungu, akaugua, akafariki. Toa jina na huwezi kujua ni mama gani aliyelala kwenye jeneza.

Haya naandika zaidi kwa misiba ya Kikristo huku Bara, ambako historia inasomwa nyumbani kabla ya kutoka, au kanisani, au kaburini, na hapo kwanza uliza, maana kuna parokia hazitaki isomwe ndani ya misa na kuna sharika imo kwenye ratiba ya ibada kabisa. Kwa Waislamu mazishi hayangoji na mara nyingi hakuna historia ya kusomwa, ila nimeona familia zinaandika baadaye kwa ajili ya hitima au tu wajukuu wabaki nayo, na njia ni ileile, tena wao wana muda wa kutosha.

Anza na makaratasi kabla hujaanza kuuliza watu. Omba ruhusa kwa binti mkubwa au wifi yake marehemu, msikilizane nani anafungua sanduku, usiingie chumbani kwa mtu hivihivi. Humo utakuta cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, kadi ya chama, kadi za michango ya kanisa, daftari la VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa. Geuza picha nyuma, maana picha za zamani zina mhuri wa studio na mara nyingi mtu kaandika mwaka na jina kwa kalamu. Angalia kurasa za mwanzo na za mwisho za Biblia yake, wamama wengi wameandika humo tarehe za kuzaliwa watoto, hata wale waliofariki wachanga ambao watoto wa sasa hawajui kama walikuwepo. Na vitenge na khanga usivipite, sare ya WAWATA (chama cha wanawake Wakatoliki), khanga ya UWT (umoja wa wanawake wa CCM), khanga ya msiba wa fulani, kila moja uliza aliipata wapi na lini, utashangaa.

Tahadhari moja kuhusu kitambulisho. Ukikuta tarehe ya kuzaliwa ni 1 Julai au 1 Januari usiinakili tu, inawezekana ni tarehe iliyowekwa kwa sababu mwenyewe hakuijua. Kwa Wakatoliki kitabu cha ubatizo parokiani ndo mkombozi wako, maana pembeni mwa jina la mtu wanaandika pia kipaimara na ndoa, yaani mstari mmoja unakupa maisha yake ya sakramenti yote, mtume kijana wa bodaboda na barua akamwone katekista mapema.

Sasa watu. Usiwaulize wote pamoja ukumbini, wataanza kubishana na wewe utaandika ya mwenye sauti kubwa. Kaa na mmoja mmoja, mdogo wake wa kike, jirani wa siku nyingi, mwenzake wa sokoni, mkaza mwana aliyeishi naye, rekodi kwa simu. Na usiulize "alikuwa mtu wa namna gani" kwa sababu jibu unalijua tayari, alikuwa mpole, na bibi yule analia tena na umepoteza nusu saa. Uliza vitu vya kushikika. Alfajiri saa kumi na moja alikuwa anafanya nini? Hela yake ya kwanza aliipata kwa kazi gani? Nani alimfundisha kushona, na yeye alimfundisha nani? Alikuwa anagombania nini na mumewe? Wimbo gani akianza jikoni mnajua leo ana furaha? Hapo ndo watu wanakaa vizuri wanaanza kuongea, wengine mpaka wanacheka, na mtu akicheka msibani jua umepata kitu cha kuandika.

Miaka ndo inasumbua sana. Mtu wa miaka themanini hakumbuki 1974 lakini anakumbuka kuhamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, kwa hiyo muulize kwa matukio. Uhuru 1961 alikuwa anaenda shule au bado anabebwa mgongoni? Azimio la Arusha 1967 alikuwa ameshaolewa? Vita vya Amin, mwishoni mwa 1978 mpaka 1979, alikuwa na mtoto gani mgongoni? Waziri Mkuu Sokoine alipofariki, Aprili 1984, walikuwa wanaishi wapi? Papa alipokuja 1990 alienda kumwona? Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 1996, hakuna mtu asiyekumbuka alikuwa wapi. Ukishapata mbili tatu za namna hiyo unapiga hesabu mwenyewe, na ukikosa andika "miaka ya mwanzo ya sabini" inatosha, hakuna atakayekudai tarehe.

Matukio hayohayo yanakusaidia kukagua ulichoambiwa. Ukiambiwa alijiunga CCM mwaka 1970 haiwezekani, CCM imezaliwa Februari 1977, kabla ya hapo Bara ilikuwa TANU, kwa hiyo kadi yake ya kwanza ni ya TANU na hiyo ni habari nzuri zaidi. Ukiambiwa alifunga ndoa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) 1958, KKKT imeundwa 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana, andika jina la usharika tu. Na usiandike alizaliwa mkoa wa Njombe 1949, mkoa wa Njombe ni wa 2012, andika kijiji halafu "kwa sasa ni mkoa wa Njombe". Inaonekana kitu kidogo lakini kuna mzee mmoja kila msiba anasikiliza haya tu.

Tuje kwenye kazi, na hapa naomba ukae muda mrefu kuliko kwingine kote, kwa sababu hapa ndo wamama wanadhulumiwa. Historia ya baba inakuwa na aya nzima ya ajira, kuanzia karani mpaka meneja. Ya mama inaandikwa "alikuwa mama wa nyumbani na mkulima", nukta, tunahamia kwenye watoto. Jamani. Nenda Kilimanjaro uulize kahawa ile alichuma nani, akamenya nani, akaanika nani na kuigeuzageuza juani, utaambiwa mama, lakini kadi ya chama cha msingi cha ushirika ina jina la baba, na siku ya kuandika historia mwenye kahawa ni baba. Mama aliyeuza maandazi miaka ishirini alikuwa na biashara, iandike kama biashara. Mkunga wa jadi ana kazi. Anayesuka mikeka, anayepika pombe ya kienyeji (ndio, hata kama kanisani hawapendi, familia ikikubali iandike, watu wamesoma kwa hiyo pombe), anayelea wajukuu wanne ili mabinti waende kazini Dar, hizo zote ni kazi.

Hata Bibi Titi Mohamed mwenyewe, mwanamama wa kupigania uhuru ambaye Dar es Salaam ina barabara kubwa yenye jina lake, watu wakisimulia wanaanzia TANU na UWT. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa lelemama, ngoma ya wanawake, kikundi cha Bomba, na mwaka 1955 walipotaka wanawake waingie TANU alipitia humohumo kwenye vikundi vya ngoma, maana wanawake wa mjini walishajipanga, wana viongozi wao na wanamjua sauti yake. Ukiikata lelemama kwa sababu eti ni ngoma tu, hutaelewa aliwezaje. Sasa mama yako naye ana lelemama yake, itafute.

Ukishapata kazi, iandike kwa vitendo. Badala ya "marehemu alikuwa mchapakazi hodari" andika hivi: "Saa kumi usiku alikuwa ameshakanda unga, saa kumi na mbili beseni la maandazi liko kituo cha basi, na ada ya sekondari ya watoto wanne ilitoka kwenye beseni hilo." Hakuna sifa hata moja hapo na kila mtu ameelewa. Kama alikuwa mwalimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), wale waliotoka darasa la saba wakawa wanafundisha huku wenyewe wanafundishwa ualimu, sema shule zipi, sema darasa alilolipenda, kuna mtu mzima hapo nyuma kwenye turubai atasimama aseme huyu ndo alinifundisha kusoma.

Imani nayo usiandike kwa tarehe za sakramenti peke yake. Ndio weka ubatizo, kipaimara, ndoa, hizo wachungaji wanazitaka, weka na vyama, na kama alikuwemo WAWATA tangu miaka ya mwanzo, chama kimeanza 1972, mtaje kwenye hao wa mwanzo. Ila imani ya mtu ilikuwa inaonekana wapi? Nani alikuwa anafua vitambaa vya altare? Nani alikuwa anapeleka uji kwa mgonjwa wa jumuiya ambaye watu walishaacha kumtembelea? Mstari wa Biblia chagua alioupigia mstari yeye mwenyewe kwenye Biblia yake, achana na ule wa mke mwema wa Mithali ambao kila mama anasomewa. Na kama kuna kipindi aliacha kwenda kanisani halafu akarudi, uliza familia kama iandikwe, mimi huwa nashauri iandikwe, kwa maneno mawili.

Familia ndo eneo la mabomu. Majina ya watoto yaandikwe kwa mpangilio wa kuzaliwa, majina kamili, na mtoto wa kwanza wa wanaume na mkubwa wa wanawake wote wapitie orodha na kusema sawa kabla hujachapa. Waliotangulia mbele za haki watajwe. Mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa, watoto wa mke mwenza aliowalea, yule dada wa kazi aliyekaa miaka kumi akaozwa kutoka nyumba hiyo, hawa waulizie kwa mjomba au shangazi faragha usiku huohuo, sio asubuhi. Kama familia imekataa, usimtaje, lakini usiandike pia "aliacha watoto watano tu", hiyo "tu" imeshavunja ukoo. Idadi ya wajukuu na vitukuu wahesabu wakwe, wao hawakosei.

Ugonjwa, sentensi moja au mbili. Aliugua tangu lini, alitibiwa wapi, amefariki lini. Jina la ugonjwa ni mali ya familia na wakinyamaza na wewe nyamaza. Shukrani kwa madaktari na majirani zina msemaji wake, na wanaodai na kudaiwa vilevile, usizibebe kwenye historia.

Urefu, kurasa mbili za A4 kwa herufi kubwa, saizi 16, inasomeka dakika sita hivi, zaidi ya hapo jua linawaka na watu wanaanza kuangalia saa. Usiku ule andika yote, asubuhi kata. Kata sifa kwanza, ukibanwa kata tarehe, vitendo viache. Halafu soma kwa sauti uone unapokosa pumzi, hapo pana sentensi ndefu, ivunje.

Msomaji asiwe mtoto wa marehemu kama kuna namna nyingine, mjukuu mwenye sauti au mpwa anafaa, na mwambie ajizoeze majina ya vijiji. Chapa nakala tatu stesheneri, moja ya msomaji, moja ya mchungaji, moja yako mfukoni maana ya msomaji itapotea, hiyo nakuhakikishia. Baada ya matanga itume kwenye grupu la WhatsApp la familia, waambie wanaojua zaidi watume sauti, na hapo ndo utaanza kuletewa vitu vizuri ambavyo siku ya msiba hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvisema, viongeze, andika tarehe juu, hifadhi.